Tochi ya Betri Moja

Mangosongo ameziweka mbili juu ya gazeti,
Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya kwanza, nyuma ya duka la makava ya simu.
Hii ya kushoto, anasema, inapiga mpaka Kigamboni.
Namwambia sina mtu wa kummulika Kigamboni.
Anacheka kwa pua, anaisogeza ya kulia.

Zote fupi, urefu wa kidole cha kati na kipande.
Zote betri moja, ile nene kama gumba.
Ya kushoto ni nyeusi, haina kovu,
kichwa kimegundishwa kiwandani; ukikisokota
kinakutazama tu, kama karani aliyekwishafunga dirisha.
Ya kulia ni shaba. Nzito. Inanuka sarafu.
Nyuzi zake zinakwaruza mchanga, swichi inasitasita:
ubonyeze mara mbili, ya tatu ndiyo.
Lakini inafunguka. Kichwa, kiuno, mkia,
naipanga vipande sita
juu ya tangazo la viwanja vya Chanika,
na Mangosongo ananitazama
kama mteja anayepara samaki kabla hajamlipia.

Mimi ni fundi wa lifti.
Giza langu lina vipimo:
ghorofa kumi na mbili, shimo la mita mbili kwa mbili,
nyaya, grisi, popo mmoja
aliyeingia mwezi wa pili akakataa kuhama.
Kule ndani nataka mwanga mpana, si mshale.
Nataka kitu cha kung'ata kwa meno, mikono ikiwa na spana,
kisichochoma mdomo dakika ya tatu.
Ya kushoto inachoma. Nimeijaribu shavuni.
Lumeni elfu moja na mia mbili, anasema.
Hizo mia mbili za juu ni za kumpikia nani chai?

Hiyo ndiyo sababu ninayompa.

Nyingine siitoi dukani.
Usiku mmoja Tabata umeme ulikatika, saa tisa,
nikammulika mama kwa tochi ya kazini,
nyeupe, samawati kingoni, nyeupe ya ndani ya friji,
na uso wake ukatoka hauna damu,
midomo ya majivu, macho yamezama.
Nikapiga yowe. Majirani wakaja wakijifunga khanga.
Mama akafumbua jicho moja:
"Pendaeli, nani kafa?"

Ilikuwa homa tu. Aliishi miaka minne baada ya hapo,
akilisimulia yowe langu kwa kila mgeni.
Lakini sura ile niliiona kabla ya wakati wake,
na ilipokuja kweli, wodini, chini ya taa za dari,
nilikuwa nimeshaizoea.
Hilo silisamehe.

Elfu arobaini na tano, tunashuka hadi thelathini na mbili,
pamoja na betri aliyoichomoa kwenye kompyuta iliyokufa.
Anaipima mbele yangu. Volti nne na nukta moja.
"Ina pumzi," anasema, anaipuliza vumbi.

Nyumbani, meza ya jikoni, lehemu inafuka.
Nang'oa chipu nyeupe, ndogo kama punje ya ulezi,
naweka ya njano niliyoiweka kwenye kopo tangu Ramadhani,
rangi ya kibatari, rangi ya chapati upande wa kwanza.
Juu ya springi nachomea waya mwembamba,
umeme upite bila kupanda ngazi.
Nyuzi nazipaka grisi ya kazini.
Itapoteza robo ya ukali. Basi ipoteze.

Nazima taa ya jikoni. Nabonyeza.
Mara mbili. Ya tatu ndiyo.
(Swichi nimeiacha. Labda Jumapili.)
Mkono wangu: mishipa, kovu la spana, kucha nyeusi,
mkono wa mtu aliyekula jioni hii.
Sufuria. Kalenda ya mwaka jana.
Mjusi ukutani, ana rangi ya mjusi.